Kona ya Mama Kalama

Injinia Abdikadir hakuwa mtu wa kelele. Asubuhi ile alipofika ofisini Garsen alivua viatu vyake vya tope mlangoni, akavuta kiti cha plastiki, akakaa ubavuni mwa Nelly na kusema kwa upole, "Haya, nionyeshe tuta."

Nelly alikuwa ameiogopa siku hii tangu mchoro uanze. Alifungua kompyuta. Kwenye kioo ikatokea picha iliyopigwa kutoka angani: mto wa rangi ya chai, mapaa ya mabati na ya makuti ya kijiji cha Kivukoni, na kati ya mto na mapaa hayo, mstari mwekundu. Mstari huo ndio ungekuwa tuta la kuzuia mafuriko, na aliyeuchora alikuwa yeye. Ulianzia kwenye mashamba ya mpunga, ukauzunguka mji taratibu mpaka njia ya ng'ombe, mzuri kwelikweli, isipokuwa mahali pamoja. Hapo uliruka nje ghafla, ukaizunguka nyumba moja iliyosimama peke yake karibu na kivuko, kisha ukarudi ndani mbio kama mtu aliyesahau kitu.

"Hapa pana nini?" Injinia aliuliza.

"Udongo wa pale nyuma si mzuri," Nelly alisema. "Nikaona tuzunguke."

"Washa chanuo."

Chanuo ni jina walilolizoea wenyewe pale ofisini. Ile programu ya kuchorea inaweza kuupima mstari hatua kwa hatua na kusema umepinda kiasi gani, na jibu lake inaliotesha juu ya mstari kama meno. Penye kunyooka meno hayapo. Penye kupinda taratibu yanaota mafupi, sawasawa, kama chanuo jipya kutoka dukani. Penye kona kali yanachomoza marefu, na hapo hata asiyejua kusoma anaona kuna kasoro. Na kasoro ya tuta si ya macho tu. Maji ya mafuriko hayapiti kwenye kona kali kwa adabu. Hugonga, huzunguka, huchimba pale chini mpaka tuta likatike, na likikatika mahali pamoja limekatika kwa kijiji kizima.

Nelly akawasha. Meno yakaota mstari mzima, mafupi, hata pale kwenye kona. Alishusha pumzi. Jana yake alikuwa ameipunguza saizi ya meno mpaka yote yakaonekana kama ndevu za siku moja, akadhani amemaliza kazi.

Injinia alitazama kwa muda. Kisha akanyoosha mkono, akaomba kipanya kwa ishara tu, akaingia mahali pa kurekebishia meno na kuyarudishia urefu wake. Pale penye nyumba meno yalichomoza yakatoka nje ya kioo. Akaweka alama juu ya kona, akapima nusu kipenyo chake. Mita tisa. Walikuwa wamekubaliana kwamba hakuna mahali patakapokuwa chini ya mita mia.

"Nani anakaa hapo, Nelly?"

Feni ilizunguka juu yao. Nelly aliona aibu ikimpanda kuanzia shingoni.

"Mama yangu."

Injinia aliitazama tena ile nyumba, kipande kidogo cha makuti na mabati kilichochanganyika, na kivuli chake kikiangukia upande wa mto.

"Ungeniambia siku ya kwanza," alisema.

"Ungefanya nini?"

"Ningekuambia hivi hivi ninavyokuambia. Lakini usingelazimika kunidanganya."

"Nimejaribu kuusogeza wote karibu na mto, ili uchukue na nyumba bila kona," Nelly alisema haraka. "Haiwezekani. Ukingo unamegwa kila mwaka."

"Najua. Basi lainisha. Mstari upite nyuma ya nyumba." Alisimama akaanza kuvaa viatu. "Wanaobaki nje wanapewa viwanja ndani, upande wa shule. Wewe nenda ukamwambie mwenyewe, kabla hajaambiwa na kamati ya viwanja. Ni mama yako."

*

Kabla ya kwenda kwa mama Nelly alimpigia ndugu yake. Kalama ndiye kifungua mimba, yule ambaye mama anaitwa kwa jina lake, na huo ndio ulikuwa mchango wake mkubwa nyumbani. Aliendesha lori la mifugo la tajiri mmoja huko Madogo, ana mke na watoto, na kila akipigiwa simu huwa yuko njiani.

"Mimi niko njiani," alisema Kalama.

Nelly akamweleza. Upande wa pili ng'ombe walisikika wakigongana na mbao.

"Si umchukue ukae naye hapo Garsen?" Kalama alisema. "Wewe huna mtu, huna mtoto. Shida iko wapi?"

"Nina chumba kimoja, Kalama."

"Na mimi vyangu viwili, tumo sita. Nelly, wewe ni wa ofisini bwana. Wewe ndiye unajua hayo mambo ya tuta. Nakupigia, askari hao mbele."

Hakupiga, na Nelly hakushangaa. Alikaa kitandani na simu mkononi. Chumba chake kilikuwa nyuma ya maduka ya stendi, na ukutani pembeni ya dirisha alikuwa ametundika nguo zake nne za kazi. Jikoni ni jiko moja la gesi juu ya kigoda. Jioni alipika chakula cha mtu mmoja, akala akitazama simu, akaosha sahani moja. Kulikuwa na majirani, lakini salamu zao ziliishia mlangoni. Kwa hiyo si kwamba alipenda upweke wake akaogopa kubanwa. Ukimya ule ulimchosha vibaya, na bado alipofikiria mama yake akiwa ndani ya chumba kile, amekaa kwenye kile kitanda, akiuona upungufu wote ule kwa macho yake, moyo ulimrudi nyuma. Mama alidhani anakaa nyumba ya ofisi. Nelly ndiye aliyemwacha adhani hivyo.

*

Kivukoni ukishuka kwenye bodaboda bado una mto mbele yako. Nelly alivuka kwa mtumbwi pamoja na Darmi, mama wa Kiorma aliyerudi na vibuyu vitupu baada ya kuuza maziwa upande wa barabara. Darmi alimfahamu tangu akiwa msichana.

"Wee, mwenye tuta!" Darmi alimwita kabla hata hajakaa. "Mama yako kila siku naambia sisi. Mtoto yangu nachora mto, mto nasikia yeye."

Mwenye kupiga kafi alicheka. Nelly naye alicheka, kicheko cha kulipia nauli.

"Na Dzombo ya kamati nakuja, nasema, Mama Kalama, shika kiwanja, iko pazuri, karibu na kisima. Mama yako nasema nini? Nasema, peleka huko, mimi niko na mchoraji yangu." Darmi aligonga kibuyu kwa furaha. "Watu nacheka mpaka kesho. Sasa hiyo kiwanja nachukua mtu ingine."

Nelly aliyatazama maji. Kumbe mama alikuwa amekataa kiwanja mbele za watu, na sababu ilikuwa yeye. Alitamani mto uwe mpana zaidi.

Nyumba ya mama yake ndiyo ya kwanza ukipanda kutoka majini. Kila anayevuka lazima apite mbele ya mlango, na kila anayepita husimama: huyu anaomba maji, yule anaacha mzigo, Darmi anakaa kupumzisha miguu. Mama, Mapenzi binti Kiti, alikuwa kwenye kigoda chake nje, akipara samaki, uso ameuelekeza kivukoni kama kawaida yake. Pembeni ya ukuta ilisimama koma ya marehemu mumewe, mzee Kadenge, nguzo ya kuiweka roho yake: mti mfupi wa muhuhu uliochongwa kichwa na mabega, umefungwa kitambaa kilichopauka.

"Umekuja siku ya kazi," mama alisema. "Kuna nini?"

"Nimekuja kukuona."

"Haya."

Nelly aliketi kwenye jamvi. Walizungumza habari za samaki, za Kalama ambaye yuko njiani, za mguu wa mama unaovimba jioni. Kisha maneno yakawaishia, kama yalivyowaishia siku zote tangu mzee azikwe. Hawakuwa na ugomvi, ila hawakujua tena kukaa pamoja, na Nelly akilala pale siku mbili, ya tatu hutafuta sababu ya kuondoka.

"Mama, tuta halitapita kule nilikokuambia."

Kisu kiliendelea kupara.

"Niko nje?"

"Uko nje."

"Nionyeshe."

Nelly alifungua kompyuta akaiweka juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mama alifuta mikono kwenye leso, akainama akikunja macho kwa mwanga. Alipata mto kwanza, kisha kivuko, kisha paa lake. Nelly akamwonyesha mstari wa zamani, ule wenye kona, na meno marefu juu yake.

"Haya ndiyo yamekataa?"

"Ndiyo. Maji yatagonga hapo, yatachimba. Mji wote utaingia maji."

"Yameota kwa sababu yangu."

"Kwa sababu ya kona, mama."

"Kona si ni mimi?" Mama alinyoosha mgongo. Hakuonekana kukasirika. "Sasa nitamwambia nini Dzombo? Nilimjibu mbele ya watu. Itabidi nimfuate mpaka kwake nikaombe."

"Nitamwendea mimi."

"Wewe utarudi Garsen. Mimi ndiye nitakayekutana naye kisimani."

Watu wawili walipita kutoka kivukoni, wakasalimu, mama akaitikia kwa sauti ile ile ya kila siku, akauliza habari za mgonjwa wao. Walipokwisha kupita Nelly alisema, "Na koma ya baba? Mwaka jana ulisema huwezi kuiacha."

"Koma haihamishwi. Mtu akihama anaiacha pale ilipo, na kule aendako anasimamisha ndogo, ili marehemu ajue watu wake wako wapi."

Mama aliinuka kwa kujikokota, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichofungwa kwa leso kuukuu. Alikifungulia mapajani. Kilikuwa kijiti cha muhuhu, urefu wa mkono, kimechongwa vizuri kichwa na mabega madogo, na kitambaa kipya chekundu kimeshafungwa shingoni.

"Ulikichongesha lini?" Nelly aliuliza.

"Ulipopata kazi Garsen."

Nelly alikitazama kile kijiti. Alipopata kazi tuta lilikuwa halijazungumzwa bado.

"Nilidhani utakuja kunichukua," mama alisema, akikipapasa vumbi ambalo halikuwepo. "Sikusema, maana mtu hajialiki. Nikasema kiwe tayari, siku akija asinisubiri. Halafu ukaja na habari kwamba umenizungushia tuta, nikae papa hapa bila wasiwasi. Nikajua basi, sichukuliwi. Nikaona nilifanye la kujivunia, kuliko kukaa nalo moyoni."

Kona ile Nelly aliichora kwa mapenzi, hilo alikuwa na hakika nalo kabisa. Sasa aliona na upande wake wa pili, kwamba alimzungushia mama yake tuta ili asije akahitaji pengine pa kwenda. Na neno lililotakiwa pale lilikuwa fupi. Twende. Lilikuwa kwenye ulimi. Akakumbuka chumba, kitanda kimoja, nguo ukutani, ile nyumba ya ofisi isiyokuwepo.

"Nimalize mchoro huu kwanza, mama," alisema. "Halafu tutaona."

"Tutaona," mama aliitikia. Akaifunga leso, fundo juu ya fundo. "Lakini hiki nacho kinasimama mara moja tu. Kikishaingia ardhini, kimeingia, nami nakaa kilipo."

*

Siku zilizofuata Nelly alichora. Aliifuta ile kona, akavuta mstari upite nyuma ya nyumba, akawasha chanuo, akasogeza nukta moja kidogo, akawasha tena. Ni kazi ya subira. Ukilainisha hapa, jino linaota kule. Unalifuata huko, nalo linapungua na kumwachia mwenzake. Alikula mezani, akanywa chai iliyopoa. Hakumpigia mama. Alijiambia hatampigia mpaka awe na neno zuri la kumwambia, na kila siku neno lenyewe lilizidi kukua.

Injinia alipokuja tena alikaa kwenye kile kile kiti. Meno yalipanda na kushuka kwa utaratibu kutoka mashamba ya mpunga mpaka njia ya ng'ombe, hakuna moja lililomzidi jirani yake kwa ghafla. Akaongeza urefu wake, hata hivyo yakabaki mazuri. Akapima mahali pakali kuliko pote: mita mia na thelathini.

"Hapo sasa umechora," Injinia alisema, na alimaanisha. "Mama alipokeaje?"

"Alipokea."

"Mshukuru Mungu. Wangu asingenielewa."

Alipoondoka Nelly alibaki na mchoro. Paa la mama lilikuwa nje ya mstari, dogo, limegeuzia mto uso. Bila sababu yoyote ya kikazi alichukua kipimo cha umbali, akabofya juu ya lile paa, kisha akabofya Garsen, juu ya maduka ya stendi. Akapima tena kutoka kwenye viwanja vya upande wa shule. Umbali ulikuwa karibu ule ule. Ndani ya tuta au nje ya tuta, mama alikuwa mbali naye vile vile, na hakuna mstari wowote aliouchora uliokuwa umepunguza hilo.

Alizima kompyuta kabla ya saa ya kutoka. Alikwenda dukani akanunua godoro la pili, akabishana bei mpaka mwenye duka akamwonea huruma. Akasogeza kitanda ukutani, akahamisha jiko, akazikunja nguo zake na kuziweka kwenye begi ili misumari ya ukutani ibaki wazi kwa mtu mwingine. Chumba kilikuwa kidogo bado, lakini alilala akijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu ahamie mjini. Kesho yake alikodi tuktuk, akaiacha ingoje upande wa barabara, akavuka.

Alikuwa bado katikati ya maji alipoona kwamba pale juu hapana paa.

Mabati yalikuwa yameondolewa, na makuti yaliyobaki yalirundikwa pembeni. Kuta za udongo zilisimama wazi, zimeonyesha ndani kila kitu ambacho mtu hapendi kionekane, moshi wa miaka, alama ya kitanda. Koma ya mzee Kadenge ilikuwa mahali pake. Watu walioshuka kwenye mtumbwi waliipita ile nyumba bila kusimama, kwa kuwa hapakuwa na wa kumsimamia. Darmi peke yake alikuwa amekaa kwenye kizingiti, akipumzisha miguu kwa mazoea.

"Mama nahama," alimwambia Nelly. "Dzombo nasema, usipokaa kwa kiwanja, napa mtu ingine. Nabeba mabati na punda." Akaelekeza kwa kidevu. "Huko nyuma. Nyuma ya choo ya shule. Ile zuri naisha."

Nelly alikwenda nusu akikimbia. Alipita kisima, akapita nyumba za watu waliomtazama bila kumtania. Nyuma ya ukuta wa shule, pale ambapo njia huishia na kuwa majani, kilisimama kibanda cha mabati ya mama yake, na mama mwenyewe yuko mlangoni kwenye kigoda chake. Alikuwa amekaa vile vile alivyokaa miaka yote, mikono mapajani, uso mbele, kama anayengoja wa kuvuka. Mbele yake palikuwa na ukuta.

"Mama," Nelly alisema, akihema. "Nimekuja kukuchukua. Tuktuk iko ng'ambo. Chumba ni kimoja, si nyumba ya ofisi, nilikuficha tu, lakini tutaenea. Nimenunua godoro."

Uso wa mama uliwaka. Nelly aliuona ukiwaka, na baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakuuona. Mama alishika magoti kutaka kuinuka. Kisha akatulia, macho yakamwendea ubavuni mwa mlango. Kijiti cha muhuhu kilikuwa kimesimama pale, kimeingia ardhini mpaka mabegani, udongo umeshindiliwa kukizunguka, na kitambaa chake chekundu bado kipya.

"Umelinunua lini?" mama aliuliza.

"Jana."

"Jana," mama alisema. Alilirudia kwa sauti ya chini, bila hasira, kama anayelipima. "Mimi nimekisimamisha juzi."

Upande wa pili wa ukuta watoto walisikika wakiimba hesabu, kisha kengele ikalia wakatawanyika. Nelly alibaki amesimama.

Mama alijisogeza pembeni kwenye kile kigoda, ambacho hakikuwa cha watu wawili.

"Keti basi, hata kidogo," alisema. "Hapa hapapiti mtu."